Nairobi ikitaka biashara ya haki, ianzie kwa mizani ya Marikiti

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako, na naomba msinikatie sana hata kama barua ni ndefu, kwa sababu haya maneno ya biashara ya haki na matumizi endelevu tunayasikia kila siku kwa redio na kwa mikutano ya hoteli za Westlands na Upper Hill, watu wanakunywa chai, wanapiga picha, wanaenda nyumbani, na hakuna hata mmoja anataja Marikiti, lile soko kubwa la vyakula hapa mjini. Mimi nauza viazi na vitunguu huku Kayole, na shemeji yangu analima viazi hivyo hivyo Kinangop, kaunti ya Nyandarua, kwa hivyo hii biashara naijua kutoka shambani mpaka kwa sufuria, na nataka kusema ni wapi haki inapotelea njiani.

Kuna mji mdogo wa soko Uingereza unaitwa Garstang, uko Lancashire, watu wake ni elfu chache tu, hawafikii hata watu wa kona moja ya mtaa wa Umoja. Mwaka wa 2000 wakazi walikaa chini wakaamua mji wao utakuwa mji wa biashara ya haki, yaani baraza la mji, makanisa, shule, maduka na mikahawa wote watumie chai, kahawa na chokoleti zenye mkulima wake amelipwa vizuri. Jambo likashika. Leo miji ya aina hiyo duniani imepita 2,000, London yenyewe iliingia 2008, na huku Afrika kuna New Koforidua ya Ghana, watu wa kakao, nao wakajitangaza. Masharti si mengi: baraza lipitishe azimio, bidhaa zipatikane madukani, maofisi na shule na makanisa zitumie, wananchi waelezwe, na kuwe na kamati ya kufuatilia ndio isiwe maneno ya siku moja.

Sasa mtu atauliza, si Nairobi pia ifanye? Ifanye, mimi sipingi hata kidogo. Makao makuu ya Fairtrade Africa, shirika la biashara ya haki la bara letu, yako hapa hapa mjini, na maua ya Naivasha yenye alama ya Fairtrade yanapandia ndege JKIA kwenda Ulaya, na kwa maua yenye yameuzwa chini ya alama hiyo mnunuzi anaongeza asilimia 10 juu ya bei, hizo pesa zinaenda kwa kamati yenye wafanyakazi wamechagua wenyewe, zinajenga madarasa, zinalipia watoto karo. Kahawa nayo ina bei ya chini yenye haivunjwi, tangu 2023 ni dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, soko la dunia likianguka aje, chama cha wakulima kikiuza chini ya alama hiyo hakishuki chini ya hapo. Ni mpango mzuri na unafanya kazi. Lakini watu wa Garstang walikuwa wananunua vitu vya mbali, mtu hawezi kumjua aliyelima kakao ng'ambo ya bahari, ndio maana wakahitaji alama. Sisi Nairobi tunanunua kwa jirani. Viazi ni vya Nyandarua, Nakuru na Meru, mchele ni wa Mwea, maembe ni ya Makueni, ndizi ni za Meru na Kisii. Wengi wetu hao wakulima ni mama zetu na kaka zetu. Na kitu wanakosa ni mizani.

Wacha nieleze lumbesa kwa wale wenye hununua viazi vikiwa vimeshakaangwa. Mkulima akivuna, broka anakuja na magunia yake mwenyewe. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, na hapo sasa ndio kazi inaanza, mshonaji anapanga viazi kimoja kimoja kuzunguka ule mdomo, anapandisha juu, anaongezea kipande cha gunia lingine ama neti, anapanga tena safu nyingine, anavuta kamba kwa meno na mikono, mpaka gunia linavaa kilemba. Anajua kazi yake huyo mtu, ukimwangalia utashangaa, hakuna kiazi kitaanguka mpaka Nairobi. Hilo gunia likiwekwa kwa mizani, na kwa kawaida haliwekwi, litakupa kilo 110, 120, wakati mwingine zaidi. Na bei ni ya gunia. Tuseme amelipwa shilingi 3,000. Gunia lingekuwa la kilo 50 mkulima angekuwa amepata shilingi 60 kwa kilo, likiwa la kilo 120 amepata shilingi 25. Najua mabroka watasema ati gunia kubwa bei yake iko juu kidogo, na ni kweli iko juu kidogo, lakini hakuna siku imepanda vile kilemba kimepanda. Hiyo tofauti ndio karo ya watoto, ndio mbegu na mbolea ya msimu ujao.

Na mtu asidhani mkulima ni mjinga. Viazi vyenye wengi wanalima ni shangi, na shangi ni tamu, inakomaa haraka, watu wa chipsi wanaipenda sana, lakini haikai, wiki chache tu unaona imeanza kuchipua. Stoo ya baridi mkulima wa kawaida hana. Mvua imenyesha, barabara ni tope, lori moja peke yake ndilo limefaulu kufika hicho kijiji, na broka anakuambia ukikataa kilemba anaenda kwa jirani. Utafanya nini? Shemeji yangu ana mizani nyumbani, aliinunua na pesa yake, na kila msimu inabaki kwa ukuta kwa sababu hakuna mnunuzi anakubali itumike.

Sheria iko. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisipite kilo 50, na kabla ya hizo kulikuwa na Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, yenye ni ya zamani kuliko wengi wetu wenye tunauza sokoni. Kaunti zenye zinalima viazi zimejaribu kushika, si kwamba hazijajaribu, askari wanawekwa barabarani, malori yanasikia, yanahama yanaenda kupakia kaunti ya jirani yenye haishiki, viazi vya hapa vinaanza kuota kwa stoo, mwishowe ni mkulima huyo huyo anaenda kuomba askari waondolewe. Hivyo ndio lumbesa imeshinda kila mtu miaka hii yote. Kaunti moja ya kilimo peke yake haiwezi.

Nairobi inaweza. Lori linaweza kukwepa Nyandarua likapakie Nakuru, linaweza kukwepa Nakuru likapakie Meru, lakini wote wanakuja huku kwa sababu huku ndiko mdomo uko. Siku yenye Nairobi itasema gunia lolote la kupita kilo 50 haliingii Marikiti, haliingii Gikomba, haliingii soko lolote la kaunti, siku hiyo lumbesa imekufa Kinangop na hakuna askari hata mmoja ametumwa Kinangop. Huo ndio uwezo mji unao wenye kijiji hakina, mji ni mnunuzi. Na Katiba ya 2010 kwa Jedwali la Nne imeandika kazi za kaunti, kwa upande wa biashara imetaja masoko, leseni, vyama vya ushirika, na mienendo ya haki katika biashara, imeandikwa hivyo wazi kabisa. Kwa hivyo hatuombi City Hall, yaani serikali ya kaunti, hisani. Tunaomba wafanye kazi yao.

Kuna kitu kingine chenye nimekiona na sijasikia wakubwa wakikisema. Lumbesa hailetwi na tamaa ya broka peke yake. Cess, yaani ushuru wa mazao, huko mashambani inatozwa kwa gunia, lori linalipwa kwa gunia, kijana wa kubeba analipwa kwa gunia, na ushuru wa kuingiza mzigo sokoni ni kwa gunia. Kama kila mtu kutoka shambani mpaka kwa meza yangu anahesabu magunia, mfanyabiashara mwenye akili zake atafanya nini? Si atafanya gunia liwe kubwa, alipe mara moja kwa mzigo wa mara mbili. Yaani kanjo, kaunti yenyewe, bila kukusudia, inamzawadia yule wa kilemba na inamuumiza yule wa kilo 50, kwa sababu wa kilo 50 akileta mzigo ule ule atalipa ushuru mara mbili na zaidi. Kaunti ikitoza kwa kilo badala ya gunia, nusu ya vita imeisha kabla mtu hajakamatwa. Na hiyo haihitaji wafadhili wala semina, inahitaji kubadilisha mstari mmoja kwa ile sheria ya fedha yenye kaunti inapitisha kila mwaka.

Na tuangalie wale vijana wa kubeba. Nenda Marikiti saa kumi na moja asubuhi uone. Kijana ameinama, wenzake wawili wanainua gunia wanamwekea mgongoni, magoti yanatetemeka, halafu anakimbia nalo, anakimbia kwa sababu akisimama litamuangusha, kwa ile njia nyembamba yenye matope na majani ya kabichi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Sisi tunawabebesha vijana wetu mara mbili ya hiyo, kila siku, na wakifika miaka arobaini migongo imekwisha na hakuna anayeuliza walienda wapi. Mtu akiniambia mji huu unajali haki, nitamuuliza kwanza kuhusu hao vijana.

Najua kuna msomaji anasema, mkifanya hivyo viazi vitapanda bei na mtu wa Kayole ndiye ataumia. Mimi ndio namuuzia huyo mtu wa Kayole kwa hivyo wacha nijibu. Mteja wangu hajawahi kununua gunia. Ananunua kwa ndoo ndogo, kwa mkebe wa kasuku, ama fungu la shilingi 50, na bei yake inaamuliwa na vile mzigo umeingia kwa wingi siku hiyo, na pia ni vingapi vimeharibika. Gunia la kilo 120 halishushwi, linaangushwa. Viazi vya chini vinapondeka, siku ya pili vinatoa maji, siku ya tatu vimeambukiza vile vya karibu, na hiyo hasara lazima niiweke kwa bei ama nifunge biashara. Gunia la kilo 50 watu wawili wanalishika wanaliweka chini taratibu. Inawezekana bei ikapanda kidogo mwanzoni, sitadanganya mtu, lakini pesa nyingi zenye mkulima anakosa hazijawahi kumfikia mteja wangu, zinaishia katikati.

Na sitaki mabroka wote waonekane wezi. Wengi ni watu wa kawaida, ndio wanajua barabara, ndio wanatoa pesa taslimu siku hiyo hiyo wakati chama cha ushirika kingemwambia mkulima angoje, na wakipata ajali na lori hakuna anayewalipa. Bila wao Nairobi ingelala njaa. Wenye nimeongea nao wanasema hata wao wanachoka na kilemba, lakini hakuna mmoja anaweza kuacha peke yake, akiacha mwenzake anamshinda bei. Wanataka sheria imshike kila mtu siku moja.

Kwa upande wa mteja pia kuna haki yake. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, inafaa kuwa kilo mbili, mtu ananunua mahindi ama maharagwe akijua hivyo. Kuna gorogoro za masoko yetu zimegongwa na nyundo kutoka chini mpaka sakafu imeingia ndani, ukiangalia kwa juu hutajua, ni mpaka ugeuze mkebe. Mama anapeleka nyumbani maharagwe yenye yalikuwa ya siku mbili yanaisha siku moja na nusu, na anadhani ni watoto wamekula sana. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata kitu cha ubora unaofaa na habari zenye anahitaji, lakini nani atampelekea hiyo Katiba Muthurwa? Naomba kila soko la kaunti, Marikiti, Muthurwa, Gikomba, Toi, Kangemi, Kawangware, liwe na mizani moja ya umma, imepigwa muhuri, imewekwa mahali pa wazi si ndani ya ofisi ya soko, mtu yeyote akinunua kitu aende apime bure. Muuzaji akijua mteja anaweza kupima, atajirekebisha bila kusukumwa. Mimi ningefurahi iwe karibu na meza yangu.

Kuna watu watasema haiwezekani, soko ni kubwa, watu ni wagumu. Kwani tumesahau juala? Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima, faini mpaka milioni 4 ama jela mpaka miaka minne, na kila mtu alisema kina mama wa soko hawataweza. Tuliweza. Kwa wiki chache tu watu walikuwa wanakuja na vikapu na viondo, sisi tukaanza kufungia vitu kwa magazeti, na mtoto wa leo wa darasa la tatu hajui mtaro uliojaa juala za rangi rangi ulikuwa unafanana vipi. Siku hizi naziona zimeanza kurudi kichinichini na hilo linaniuma, lakini linaonyesha tu kwamba kazi ni ya kila siku. Kama tulitoa juala kwa kila kibanda Kenya hii, tunaweza kutoa kilemba kwa gunia.

Jambo lingine kubwa ni mfuko wa kaunti yenyewe, na hapa ndio nataka wasomaji wafungue macho. Mnunuzi wa chakula mwenye nguvu sana hapa mjini sasa ni ule mpango wa Dishi na County. Ulizinduliwa 2023, mtoto wa shule ya umma anagusisha bangili yake, analipa shilingi 5, anapewa chakula cha moto, wali ama maharagwe ama ndengu. Mimi ni mzazi na nasema waziwazi kwamba ni kitu kizuri sana, watoto wenye walikuwa wanalala darasani sasa wanasoma. Sasa fikiria, jikoni hizo zinapika kila siku ya shule kwa maelfu na maelfu ya watoto, mchele huo, maharagwe hayo, kabichi hizo zinatoka kwa nani na kwa masharti gani? Kaunti ikisema sehemu fulani ya chakula cha hao watoto itanunuliwa moja kwa moja kwa vyama vya wakulima, kwa kilo, kwa bei iliyoandikwa kabla ya kupanda, mkulima wa Mwea atajua msimu ujao anauzia nani, na ataacha kuuza mpunga ukiwa bado shambani kwa mtu amemkopesha pesa ya mbolea. Hiyo ni biashara ya haki na haihitaji hata stika moja. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 tayari inatenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hivyo mlango uko, ni kuongeza tu mkulima mdogo apite hapo.

Lakini kuna neno moja, na hili naomba mlichapishe hata mkikata mengine. Kulipa kwa wakati. Kaunti yetu ina madeni ya mabilioni kwa watu wenye waliipatia huduma na bidhaa. Kikundi cha wanawake kinapata tenda, wanasherehekea, wanakopa kwa chama, wanaleta bidhaa, wanapewa karatasi, halafu wanaanza kuzungushwa, rudi wiki ijayo, faili iko kwa mkubwa, mfumo uko chini, mpaka chama kinavunjika na marafiki wanakosana. Hata kwa sekta binafsi tumeona, supamaketi za Nakumatt na Tuskys zilianguka zikiwa zinadaiwa na wale waliokuwa wanaziletea bidhaa, na mkubwa akianguka mdogo ndiye anabaki chini yake. Sheria ya Ushindani inamkataza mnunuzi mkubwa kuchelewesha malipo bila sababu ya maana. Ningependa kaunti ijifunge yenyewe kwanza, iseme mtu wa mzigo mdogo analipwa ndani ya siku 30, na orodha ya wenye hawajalipwa ibandikwe kila mwezi watu waione. Bila hiyo, usiniambie mambo ya mji wa haki.

Kwa upande wa matumizi endelevu sitasema mengi, kwa sababu watu wa mapato ya chini hapa Nairobi tunaishi hivyo tayari, na mimi nashangaa mtu wa semina akija kutufundisha. Maziwa tunanunua kwa ATM ya maziwa, unabeba chupa yako, unaweka shilingi 30 unapata ya shilingi 30. Mafuta ya kupika tunapimiwa. Viatu vikipasuka kuna fundi, sufuria ikitoboka kuna fundi, redio ikinyamaza kuna fundi. Akala za Kariokor zilikuwa tairi ya lori. Lile jiko la bati lenye udongo ndani, lenye linakula makaa kidogo, lilianza miaka ya 1980 kwa mafundi wa jua kali hapo Shauri Moyo, na leo liko kwa nyumba nyingi. Pale Kamukunji mtu anachukua pipa la zamani, analigonga mchana kutwa, jioni ni toroli ama sanduku la mwanafunzi wa bodi. Hao ndio mji unafaa kuwashika mkono. Badala yake ni kelele za kubomolewa, mvua inawanyeshea na vyuma vyao, na shule za kaunti zikitaka masanduku, madawati ama masufuria makubwa, tenda inaenda kwa mtu wa kuagiza kontena. Wapewe paa, wapewe karatasi ya mahali wanafanyia kazi, na wapewe hizo tenda.

Na zile taka. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya kuoza, na sehemu kubwa ni yetu sisi watu wa soko, majani, maganda, viazi vilivyopondeka. Vyote vinabebwa mpaka Dandora, dampo lenye lilitangazwa limejaa 2001 na bado malori yanaingia mpaka leo, na watoto wa Dandora na Korogocho wanavuta huo moshi. Sheria ya taka ya 2022 inasema tutenganishe. Sokoni hatujaletewa hata pipa la pili. Kuna watu hapa mjini wanatengeneza mbolea na chakula cha kuku kutoka kwa mabaki kama hayo, wako tayari kuchukua, kinachokosekana ni kaunti kutenga kona moja ya soko na kuweka ratiba ya gari. Hiyo mbolea irudi na yale malori yenye yanarudi Kinangop tupu.

Kahawa nitaigusa tu. Kila wiki kahawa ya wakulima wa Nyeri, Kirinyaga na Kiambu inapigwa mnada hapo Wakulima House, katikati ya mji wetu, na karibu yote inaondoka, sisi tunabaki tukinywa ya unga wa mkebe. City Hall ikianza kununua chai na kahawa ya mikutano yake kwa vyama vya ushirika moja kwa moja, ni kiasi kidogo, lakini ni jambo lenye gavana anaweza kuamua Jumatatu na likafanyika Ijumaa. Makanisa yetu na misikiti yetu pia, na saccos, zenye kila mkutano mkuu zinapikia watu mamia, waulize tu swali moja wakati wa kununua: huyu mkulima alipimiwa kwa kilo?

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanapelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wanaitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huwa tunaiacha ijazwe na watu wa kuletwa na basi. Nawaomba wenzangu wa masoko yote, na wateja wetu, twende, na tuseme maneno matatu tu ndio yasisahaulike: ushuru wa soko utozwe kwa kilo, kila soko liwe na mizani ya umma, na gunia la kupita kilo 50 lisiingie baada ya tarehe yenye itatangazwa mapema, miezi sita hivi, ndio mabroka na wakulima wajipange na kaunti za viazi zijue.

Na kupitia gazeti lako, Mhariri, naomba waziri wa biashara wa kaunti atujibu hapa hapa kwa ukurasa huu. Marikiti ina mizani ngapi za umma zenye muhuri wa mwaka huu, ziko sehemu gani ya soko, na tangu kanuni za 2019 zianze ni malori mangapi ya lumbesa yamerudishwa kutoka kwa geti lake?

Muuza viazi,
Kayole, Nairobi